Kulizoeza Sikio la Mzungumzaji wa Kihispania Sauti za Kiingereza

Mwanafunzi wa Bogotá akisema "I leave here" ilhali alikusudia "live", walimu wengi humrudisha mdomoni: legeza midomo, shusha ulimi, rudia. Atarudia mara kumi na kosa litabaki palepale, kwa kuwa masikioni mwake hayo mawili ni neno moja. Ulimi hauwezi kulenga sauti ambayo sikio halijaitenga na jirani yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia sikioni; matamshi hufuata baadaye, na mara nyingi hufuata bila kusukumwa sana.

Mwalimu aliyekulia Kiswahili ana nafasi ya pekee katika kazi hii. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, kama Kiswahili, kwa hiyo kwenye irabu za Kiingereza yeye na mwanafunzi wake hujikwaa mahali pamoja. Kwenye konsonanti mambo ni tofauti kabisa. Wewe umetenganisha b na v, s na z, ch na sh, d na dh tangu utotoni. Mwenzako hakufanya hivyo, na hasikii unachokisikia. Usidhani anazembea.

Chujio linavyofanya kazi

Mtoto mchanga hutofautisha sauti nyingi za lugha asizowahi kuzisikia. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba uwezo huo kwa konsonanti za kigeni hupungua kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Kuanzia hapo kila sauti mpya hupitishwa kwenye chujio la lugha ya kwanza, kama mwanaisimu Nikolai Trubetzkoy alivyoliita katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1939. Mtu mzima anayejifunza Kiingereza hasikii kelele tupu. Anasikia Kihispania kilichopinda kidogo.

Mtafiti Catherine Best alieleza jambo hili kwa namna inayomfaa mwalimu: usiulize sauti ni ngumu kiasi gani, uliza sauti mbili zinaangukia wapi katika lugha ya kwanza. Zikiangukia sehemu mbili tofauti, hakuna kazi. "Bet" na "bait" huwa e na ei, na Kihispania kina ei tayari, kama katika "rey" na "peine". Zikiangukia sehemu moja lakini moja ikawa sampuli mbaya, kuna ugumu wa wastani: irabu ya "sheep" ni i safi, ya "ship" ni i yenye kasoro, na wengine huisikia kama e. Zikiangukia sehemu moja kwa ulinganifu, umefika kwenye kazi nzito. "Cap" na "cup" kwa wengi ni a na a, basi.

Hatua ya 1: jua ni Kihispania cha wapi

Kabla ya somo la kwanza mpe mwanafunzi maneno haya ayasome kwa sauti yake ya kawaida, kisha urekodi: caza, casa, calle, muchacho, pan, las manos, dado. Dakika moja inatosha, na utaokoa wiki nzima.

"Caza" na "casa" zikitofautiana, umempata mtu wa kaskazini au katikati ya Hispania, na sauti ya "think" anayo tayari. Zikifanana, kama ilivyo Amerika ya Kilatini kote, hana. "Calle" ikisikika "kashe", ni mtu wa Buenos Aires, Montevideo au jirani zake, na sh haitamsumbua. "Muchacho" ikitoka na sh mbili, kama inavyosikika kwa wengi wa Chihuahua na Sonora kaskazini mwa Meksiko, basi ch na sh kwake ni kitu kimoja hata katika lugha yake mwenyewe. Panga muda zaidi hapo. "Pan" ikiishia na ng' na "las manos" ikipoteza s zake, ni mtu wa Karibi: Kuba, Jamhuri ya Dominika, Puerto Riko, pwani ya Venezuela. Huyo atapata taabu na "ran" na "rang", na s ya wingi mwishoni mwa neno itampita bila kugonga sikio.

Neno "dado" liko hapo kwa ajili yako. Sikiliza d ya pili: ni dh nyepesi, karibu na ile ya "dhahabu". Yeye hajui kwamba anaitamka. Tutairudia.

Uliza pia lugha nyingine za nyumbani. Mtu wa Barcelona mwenye Kikatalani ana z na ana irabu zaidi ya tano. Mtu wa Guinea ya Ikweta huenda alianza na Kifang au Kibubi, na hapo chujio si la Kihispania. Mpime upya bila kudhani chochote.

Hatua ya 2: tengeneza rekodi

Tafuta wasemaji wanne wasiopungua, wanaume wawili na wanawake wawili, wenye lafudhi ya aina moja. Ukichanganya Mmarekani na Mwingereza utavuruga kila kitu: "cop" ya Marekani huangukia a ya Kihispania, ya Uingereza huangukia o. Chagua lafudhi ambayo mwanafunzi ataishi nayo.

Kwa kila utofauti andaa jozi 10 za maneno yanayopishana kwa sauti moja tu: sheep/ship, leave/live, beat/bit, seat/sit, feel/fill na kadhalika. Kila msemaji ayataje yote mara mbili. Maneno 20 kwa wasemaji 4 mara 2 ni rekodi 160. Changanya mpangilio, na usiweke wanajozi jirani kwenye karatasi, maana msemaji akiona "ship" chini ya "sheep" atatia chumvi. Ongeza neno la bure mwishoni mwa kila ukurasa. Neno la mwisho la orodha hushuka sauti na halifai.

Rekodi katika WAV, 44,100 Hz, biti 16, kipaza sauti kikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi ya p na t isipige moja kwa moja. Chumba chenye mapazia na kitanda ni bora kuliko ofisi yenye vigae. Usitumie ujumbe wa sauti wa simu: hubanwa, na kinachopotea kwanza ni masafa ya juu, pale hasa s, z, f na th zinapotofautiana. Ukikata rekodi acha milisekunde 100 za ukimya kabla na baada ya neno, kisha sawazisha nguvu ya sauti kwa faili zote. Programu ya Praat ni ya bure na inafanya yote haya. Audacity pia inatosha kwa kurekodi na kukata.

Hatua ya 3: pima kabla ya kufundisha

Mchezeshe mwanafunzi maneno matatu, A, X, B, kila moja kutoka kwa msemaji tofauti. A na B ni wanajozi. X ni mmoja wao. Aseme X inafanana na ya kwanza au ya tatu. Wasemaji wawe tofauti ili asilinganishe sauti ya mtu badala ya irabu. Pengo kati ya neno na neno liwe sekunde 1 au zaidi. Pengo fupi la robo sekunde humruhusu kulinganisha mwangwi uliobaki kichwani, na utapata alama nzuri za uongo.

Uliza maswali 40, jibu sahihi likiwa A mara 20 na B mara 20, kwa mpangilio wa nasibu, kupitia hedifoni. Anayekisia atapata karibu 20. Kufikisha 26 kwa bahati tupu hutokea chini ya mara 1 katika 20, kwa hiyo chini ya 26 mchukulie kama hasikii. Kati ya 26 na 35 anasikia nusunusu, na hawa ndio wanaofaidika haraka. Akipata 36 au zaidi mwache, nenda kwenye utofauti mwingine. Kumkalisha hapo ni kupoteza muda wake.

Kisha pima kutambua: anasikia neno moja, anachagua picha. Picha, si maandishi. Kihispania huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na mwanafunzi akiona "ship" macho yanamwambia i safi, yaani hasa sauti ya "sheep". Maandishi yatamkosesha hata pale sikio lilipopata. Meli na kondoo zinatosha. Kwa maneno yasiyochoreka tumia rangi, bluu kwa irabu moja na njano kwa nyingine.

Hatua ya 4: mtego wa urefu

Hapa ndipo masomo mengi huharibika, na mara nyingi anayeharibu ni mwalimu mwenyewe kwa kusema "i ndefu" na "i fupi".

Kihispania hakitumii urefu wa irabu kutofautisha maneno. Ungetarajia basi msikilizaji wake aupuuze. Kinyume chake: Ocke-Schwen Bohn alieleza mwaka 1995 kwamba pale ubora wa irabu, yaani rangi ya sauti yake mbali na urefu, usipomsaidia msikilizaji, sikio hudaka urefu, kwa sababu urefu ni rahisi kuudaka hata kwa asiyeuzoea. Paola Escudero na Paul Boersma mwaka 2004 walilinganisha wasemaji wa Kihispania waliojifunza Kiingereza cha kusini mwa Uingereza na waliojifunza cha Uskoti; wa kusini walielekea kuegemea urefu, wa Uskoti walielekea kwenye ubora wa irabu wenyewe. Lafudhi unayosikilizishwa huamua unachokifuata.

Ubaya wa urefu ni kwamba unadanganya. Irabu ya Kiingereza hufupika kabla ya p, t, k na kurefuka kabla ya b, d, g. Irabu ya "bid" inaweza kulingana na ya "beat" kwa urefu, au hata kuizidi. Anayefuata urefu atapata sheep na ship darasani, kisha ataanguka barabarani.

Kumtambua ni rahisi. Chukua jozi tano, zifungue katika Praat kama Manipulation, na kwenye mstari wa muda weka alama mwanzoni na mwishoni mwa irabu. Kizidishi ni urefu unaoutaka kugawanya kwa urefu uliopo: irabu ya milisekunde 180 ukiitaka iwe 120, andika 0.67. Weka alama nyingine za 1.0 nje kidogo ya irabu ili konsonanti zisiguswe. Fanya irabu zote ziwe milisekunde 140. Rudia kipimo cha kutambua. Mwanafunzi aliyekuwa na 34 kati ya 40 akishuka hadi karibu na 20, umemkamata: hajawahi kusikia irabu yenyewe.

Tiba ni kumnyima urefu kwa muda. Vipindi vitatu vya mwanzo tumia rekodi zilizosawazishwa peke yake, halafu rudisha za kawaida. Na usimpe jozi, mpe tatutatu: bead, bid, bed; beat, bit, bet. Vipimo vya Peterson na Barney vya mwaka 1952 vinaonyesha kwa nini. Kwa wanaume wa Marekani, fomanti ya kwanza (kilele cha kwanza cha masafa ya irabu) ya "bead" ilikuwa wastani wa Hz 270, ya "bid" 390, ya "bed" 530. Irabu ya kati iko katikati kwelikweli. Mwanafunzi akifundishwa kwamba "bid" ni jirani wa e kama alivyo jirani wa i, sikio linapata mahali pa kuiweka. Ukimwambia ni i fupi, umemrudisha kwenye sanduku alimotoka.

Kwa cap, cup, cop ya Marekani njia ni hiyohiyo ya tatutatu, ila subira iongezwe. Anza na cap dhidi ya cop, ambazo ziko mbali: fomanti ya pili ni karibu Hz 1720 kwa moja na 1090 kwa nyingine. "Cup" iingie baadaye.

Hatua ya 5: ratiba ya mazoezi

Wiki tatu, vipindi vinne kwa wiki, dakika 20 kila kimoja, maswali 80 hadi 100. Zaidi ya dakika 25 sikio linachoka na alama zinashuka. Usisome kushuka huko kama kutojua. Kila jibu lifuatwe papo hapo na sahihi au si sahihi, na akikosea asikie tena neno lililotajwa, kisha mwenzake, kisha lililotajwa.

Wiki ya kwanza cheza msemaji mmoja kwa kila fungu la maswali 20. Kuanzia ya pili changanya wote. Hifadhi msemaji mmoja na jozi tatu ambazo mwanafunzi hatazisikia kabisa hadi mtihani wa mwisho. Hili la wasemaji wengi si pambo. John Logan, Scott Lively na David Pisoni walilitumia mwaka 1991 kuwafundisha Wajapani r na l za Kiingereza, na mafunzo yao ya wasemaji wengi yamekuwa kielelezo cha kazi hii. Mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake walikuta kwamba Wajapani waliofunzwa kusikia tu waliboreka pia katika kutamka. Ukitumia sauti yako peke yako, mwanafunzi atakujua wewe; Kiingereza cha mtu mwingine kitabaki kigeni.

Konsonanti

P, t, k na b, d, g zinahitaji maelezo ya namba. Leigh Lisker na Arthur Abramson walipima mwaka 1964 muda kati ya mpasuko wa konsonanti na kuanza kwa mtetemo wa nyuzi za sauti. P ya Kiingereza: milisekunde 58 kwa wastani. P ya Kihispania: 4. B ya Kiingereza: 1. B ya Kihispania: hasi 138, maana mtetemo huanza mapema kabla ya midomo kuachana. Tazama 1 na 4 zilivyokaribiana. B ya Kiingereza inaangukia kwenye p ya Kihispania, kwa hiyo "bear" inaweza kusikika "pear", naye akisema "pear" bila mpumuo Mmarekani husikia "bear". Msomaji wa Mombasa au Lamu anayetenganisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa mpumuo ana tofauti hiyo mdomoni tayari. Mfundishe mwanafunzi asikilize pumzi, asisikilize uzito wa b.

B na v: herufi zote mbili kwa Kihispania ni sauti moja, tena kati ya irabu midomo haigusani kabisa. Tumia vote/boat, very/berry, kisha katikati: marvel/marble. Hapa, tofauti na irabu, msaada wa macho unafaa. Video ya midomo ya msemaji huharakisha kazi. Iondoe wiki ya pili.

D na dh ni mtihani wa ajabu, maana sauti zote mbili anazitamka kila siku, ila nafasi ndiyo inayoamua. Amanda Boomershine na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba wasikilizaji wa Kihispania huona d na dh zinafanana zaidi kuliko wanavyoona wale wa Kiingereza. Kwa d na ile r ya kugonga mara moja ya "cara", mambo hugeuka: wa Kiingereza ndio wanaoziona ndugu. Ndiyo maana "ladder" ya Mmarekani husikika "lara". Mpe day/they na dough/though mwanzoni mwa neno, na mwambie wazi kwamba "water" ya Marekani ina r yake ya "cara". Maelezo hayo mafupi hufanya kazi ya vipindi viwili.

Mwisho wa neno, back/bag na ice/eyes, urefu unarudi na safari hii ni mkweli. Konsonanti yenyewe mara nyingi haisikiki vizuri. Irabu ndefu kabla yake ndiyo inayotangaza g au z. Mfundishe aufuate. Lakini usiweke zoezi hili wiki moja na sheep/ship, maana utakuwa unamwambia mambo mawili yanayopingana.

S yenye konsonanti mwanzoni mwa neno huleta e ambayo haikutamkwa: "state" na "estate", "steam" na "esteem" huwa sawa. Mwache ahesabu silabi kwa kugonga meza, asitaje neno. Akigonga mara mbili kwa "steam", mchezeshe s peke yake, kisha "teem", kisha punguza pengo hatua kwa hatua.

Th ya "think" watu huihangaikia kupita kiasi. Jozi zake ni chache na muktadha huziokoa. Pull na pool vilevile. Ziache mwisho, au ziache kabisa kama muda ni mfupi.

Hatua ya 6: pima tena

Tumia msemaji uliyemficha na jozi ulizozificha. Alama zikipanda kwa maneno ya mazoezi na zisipande kwa mapya, amekariri rekodi. Ongeza wasemaji wawili na urudie wiki moja. Zikipanda kote, peleka maneno kwenye sentensi ambazo maana haimsaidii, kama "They saw the ship" na "They saw the sheep", kwanza kimya, kisha na kelele za mkahawa nyuma kwa nguvu ndogo. Utaona alama zikishuka tena kwa pointi kadhaa. Ni kawaida, hata mzawa hushuka kwenye kelele, ila mwanafunzi hushuka zaidi.

Rudia kipimo baada ya miezi mitatu, kwa maswali 40 yaleyale ya AXB. Aliyeporomoka chini ya 30 mpe vipindi vitatu tu vya kukumbusha, siyo wiki tatu nyingine. Na ukimkuta anayetamka "live" sawasawa lakini bado hasikii, usimpandishe darasa kwa sababu ya mdomo wake: ameshika mahali pa kuweka ulimi, na siku ya mahojiano ya kazi swali atakaloulizwa litatoka mdomoni mwa mtu mwingine.